Koti Lisilo na Tundu

Tulipofungua sanduku la bati la mama, baada ya kumaliza matanga, harufu ilitoka kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa harufu ya vidonge vya nondo na moshi wa kuni, na chini yake ubaridi fulani ambao sijawahi kuupatia jina. Mdogo wangu Bura, mtu mzima mwenye kitambi na gari la kubebea watalii, alirudi nyuma. Mimi nilichuchumaa palepale nikawa mtoto tena. Koti lilikuwa chini kabisa ya sanduku, mikono yake imekunjwa kifuani, jinsi mama alivyolikunja siku zote. Nina wajukuu, lakini nilisita kuligusa.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi nguo zilivyoadimika. Madukani Karatu rafu zilikuwa tupu, mwenye duka amekaa nyuma ya kaunta akilinda vumbi. Gauni lilishuka kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake, likaja kuwa tambara la kushikia sufuria, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Shati la baba lilikuwa na viraka vingi hata tulibishana rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Kwetu nguo haikuachwa, ilivaliwa mpaka ikaisha yenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo mtamwona bibi yangu mshamba, na hakuwa mshamba hata kidogo.

Halafu mitumba ikaingia mnadani. Marobota yalishushwa kutoka kwenye lori la Arusha, yamebanwa kwa mikanda ya bati, na muuzaji alipokata mkanda nguo zilifumuka taratibu zenyewe, kama unga uliotiwa hamira. Watu walirudi nyuma kwanza, kisha wakazivamia. Waliziita kafa-ulaya na wakacheka sana. Mimi nilisimama nyuma ya mama nikiona mikono ya makoti ikining'inia nje ya robota, na sikuona cha kuchekesha.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa Karatu ambao ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa mlangoni mpaka mchana. Bura alikuwa bado hajatembea. Alikuwa na kikohozi kilichomtikisa mwili mzima, na ziwa la mama lilikuwa limekauka baada ya homa kali iliyomlaza. Mama alitoa jogoo wetu na debe la maharage, akarudi na koti. Lilikuwa la sufu ya kijivu, zito, linamfika kwenye vifundo vya miguu, lina bitana inayong'aa rangi ya ini. Lilikuwa la mwanamume. Siku hiyo Bura aliviringishwa ndani yake akalala bila kukohoa, na mama akakaa kando yake anatabasamu peke yake.

Mfukoni mlikuwa na mbegu. Ilikuwa kubwa kama jicho la ndama, ya kahawia, laini na inayong'aa, ina baka jeupe upande mmoja. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuiona mbegu ya namna ile, na sisi ni wakulima.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Ama kama Wairaqw wanavyoita bibi zao, alikuwa akiishi nasi. Alilitoa koti mlangoni penye mwanga, akalipapasa pote kwa vidole, makwapa, viwiko, ukosi, pindo. Alikuwa akitafuta tundu, na kadiri alivyolikosa uso wake ulizidi kuwa mgumu.

"Mwenye hili yuko wapi?" akamwuliza mama.

"Ulaya, mama."

"Sasa hivi anavaa nini?"

"Labda ana jingine," mama akasema.

"Mtu mmoja, makoti mawili?" Ama akacheka kidogo, si kwa furaha. "Mama Agata, mimi ni mzee lakini sijawa mtoto. Hakuna mtu aliye hai anayevua kitu kama hiki akampa mtu asiyemjua. Huyu amekufa. Sikugombezi kwa hilo, watu wanakufa. Nakuuliza, walimlilia?"

"Sijui, mama."

"Waliobaki walikaa muda wao? Wametoka?"

"Nitajuaje?"

Ama akanyanyuka, akachukua kikombe chake kwenye kichanja, akakiweka mbali na vikombe vyetu. Hakugomba tena siku ile.

Nieleze kidogo. Watu wetu wana desturi inayoitwa metimani. Nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, walio ndani yake hujitenga mpaka muda wao uishe. Hawaingii kwa majirani, hawaombi moto, hawachangii kikombe wala maji, ng'ombe wao hawachungwi na ng'ombe wa wengine. Hawatukanwi wala kuchukiwa. Wanasubiri tu, kwa sababu kifo kisichokaliwa kinatembea. Mchungaji alihubiri dhidi ya jambo hilo mara nyingi na waumini waliitikia amina, kisha wakarudi nyumbani na kulifuata.

Ama hakutangaza lolote. Aliacha tu kwenda kwa majirani, na majirani walielewa. Asubuhi iliyofuata Mama Tluway, aliyekuwa akitugawia maziwa ya Bura kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa mkavu, alisimama nje ya ua na kibuyu hakuwa nacho.

"Mama Agata, mnisamehe," alisema kutoka kule. "Nina watoto."

"Tunaimba kwaya moja, Mama Tluway," mama akamjibu.

"Tunaimba, ndiyo." Alilia akiondoka. Jumapili tulipata benchi zima kanisani, sisi watatu na mtoto.

Hapo ndipo tulipobanwa. Tukilitupa koti, baridi itammaliza Bura kabla muda wa metimani haujaisha, maana kwa Ama kulitupa hakukufuta kitu, tulikuwa tumeshaligusa. Tukilivaa, hatupati maziwa. Mama alimpa uji mwepesi wa ulezi, naye akautema. Mashavu yake yalianza kuingia ndani. Nilimsikia mama akisali kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw, halafu akinyamaza.

Mimi nilikuwa na mahesabu yangu. Nyumba yetu ilikuwa karibu na barabara ya kwenda Ngorongoro, na magari ya watalii yalipita yakitimua vumbi jekundu. Ndani walikaa wazungu, weupe kuliko ukungu, wamefunga vioo, midomo inacheza bila sauti. Walitutazama sana. Walitutazama kama mtu anavyotazama anapotafuta kitu alichopoteza, na mara nyingine gari lilisimama, mmoja akamnyooshea kidole mtu aliyevaa koti la mnadani, akainua kile kifaa chake cheusi usoni. Zamani sikuwa nimeelewa wanatafuta nini. Sasa nikaelewa. Ulaya ndiko waliko waliokufa, nguo zao zimeletwa kwetu, na wao wamezifuata. Baba yangu alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia katika hoteli moja juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, akilala hukohuko, akawa anawapakulia chakula na kuwapa maji. Niliacha kula vipande vya mkate alivyotutumia kwa lori la mboga. Sikumwambia mtu sababu.

Koti lenyewe sikuweza kulizoea. Lilitundikwa kwenye msumari wakati Bura alipobebwa, na lilipotundikwa halikulegea kama nguo. Lilibaki na mabega. Mama akilivaa, nyuma yake hakuwa mama, alikuwa mzee mmoja mrefu aliyeinama kidogo upande wa kushoto, kwa sababu sufu ilikuwa imeshika umbo la mtu huyo na haikutaka kuliacha.

Asubuhi moja nilikwenda kisimani, kwenye kona yetu tuliyotengewa. Ukungu ulikuwa mzito. Nikaliona koti likitembea mbele yangu, la kijivu, limeinama kushoto. Nikaita, "Mama, nisubiri." Halikugeuka. Nikakimbia kidogo, nalo likaongeza mwendo, likaingia kwenye mahindi makavu, mahindi yakajifunga nyuma yake. Nikarudi nyumbani nikihema, ndoo tupu. Mama alikuwa ndani, anamkanda Bura kifua kwa mafuta, na koti limemfunika mtoto miguu.

Nikasimama mlangoni nimeikumbatia ndoo. Leo najua kwamba robota lile lilikuwa na makoti mengi ya kijivu na kwamba jirani fulani alikuwa akimkimbia mtoto wa nyumba iliyotengwa. Najua hivyo, na bado nikipita kwenye mahindi makavu asubuhi ya ukungu nageuza shingo.

Nikaitua ndoo, nikamweleza mama. Hakunicheka. Alimtazama Bura, aliyekuwa hata kulia ameacha, akasema, "Basi. Tutakwenda kumwuliza mzungu aliye hai."

Tulipanda lori la kabeji lililopeleka mboga hotelini. Dereva alitukalisha juu ya magunia. Mama alikuwa amevaa koti, Bura yuko ndani yake kifuani, mimi nimeshika pindo. Baada ya geti la hifadhi barabara ilianza kupanda, msitu ukatufunika, na ukungu ukawa unapita kati yetu na kabeji. Miti ilining'iniza ndevu. Dereva alipunguza mwendo mpaka nikasikia matone yakianguka kwenye turubai.

Juu, karibu na ukingo, watu walitokea ukunguni. Walikuwa warefu, wanatembea mmoja mmoja kando ya barabara, kimya, na wote wamevaa makoti marefu ya Ulaya. Niliona la kijivu, la buluu, moja la kike lenye manyoya shingoni. Nikafunga macho. "Wamefika," nikamwambia mama. "Wamekuja wengi."

"Fumbua macho, Agata. Tazama miguu."

Nikatazama. Chini ya makoti kulikuwa na lubega nyekundu, na miguu myembamba yenye viatu vya matairi. Walikuwa wachunga ng'ombe wa Kimasai, baridi imewapeleka mnadani kama ilivyompeleka mama. Mmoja alitupungia fimbo. Nilimpungia pia, lakini pindo la koti sikuliachia.

Baba alitoka mlango wa jikoni akiwa na shati jeupe la kazi. Alipoona uso wa Bura alisahau kutusalimia. Alichemsha maziwa ya unga ya hoteli akayapoza kwenye kikombe, na Bura akanywa kidogo kidogo. Mama akamweleza yote. Baba alisikiliza akijipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Wanatoa," akasema. "Mimi nawajua hawa, Mama Agata. Wanatoa wakiwa hai. Wana nguo mpaka wanachoka nazo."

"Mama yako hatalikubali neno lako. Nataka mmoja wao aseme."

"Watanifukuza kazi."

"Mtoto huyu anakufa," mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Baba akatupitisha ukumbini. Sijasahau ukumbi ule. Ulikuwa na dirisha kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu, linalotazama chini kwenye kreta, na siku hiyo kreta haikuwepo. Ulikuwepo weupe tu. Wazungu wachache walikuwa wameketi kwenye viti, wamelielekea dirisha, kimya, wakitazama mahali pasipo na kitu. Nikajua kwamba hapa ndipo wanapongojea.

Mmoja aligeuka. Alikuwa mwanamke mzee mwenye nywele fupi za mvi. Alimtazama mama, kisha akalitazama koti, na akainuka polepole akimshikilia mwenzake wa kando. Alikuja hadi kwetu. Akanyoosha mkono akaushika mkono wa koti, akaupapasa kwa kidole gumba kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, jinsi Ama alivyofanya. Na mimi nilitegemea mkono wake uwe wa baridi, ukanigusa shavu kwa bahati mbaya, ukawa wa moto.

Mama, sijui kwa nini, alitia mkono mfukoni akatoa ile mbegu na kumwonyesha.

Mwanamke yule akaifumba kiganjani. Machozi yakashuka bila sauti yoyote, yakafika kidevuni. Akasema maneno mengi. Baba alikuwa na Kiingereza cha mezani, na Kiingereza cha mama yule nacho kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo walitafutana muda mrefu.

"Anasema mume wake amefariki," baba akasema. "Mwaka umepita na zaidi. Mbegu hii ya mti wa kwao alikuwa akiiweka mfukoni, inazuia maumivu ya viungo. Anasema alikuwa na koti kama hili, na yeye ndiye aliyelitoa. Hakuweza kuendelea kuliona ukutani."

"Kama hili," mama akauliza, "au ndilo hili?"

Baba akamwuliza. Mwanamke akatikisa kichwa, ikawa hatuelewi ni kukataa au ni uchungu. "Anasema wazee wengi wa kwao huweka mbegu hizi mfukoni," baba akasema. "Zaidi ya hapo sijapata."

Mama akanipa Bura. Akamkumbatia yule mgeni, mbele ya wageni wote na mbele ya mkuu wa baba aliyekuwa ameshatoka ofisini. Yule mama akaingiza uso wake kwenye sufu ya koti, begani, akalia humo. Safari hii alitoa sauti. Wenzake waligeuka wakatazama, halafu wakarudia dirisha lao. Walikaa hivyo muda, wanawake wawili na koti moja, na mama akawa anampigapiga mgongoni na kumwambia kwa Kiiraqw maneno tunayomwambia mfiwa. Mbegu alimwachia.

Baba hakufukuzwa. Mkuu wake, mtu wa kwetu Mbulu, alisema tu kwamba hoteli si nyumba ya msiba, na akatazama pembeni.

Tulirudi jioni hiyohiyo na lori, kabla jua halijazama. Ama alikuwa amekaa mlangoni, kikombe chake kando. Mama akaketi chini mbele yake bila kuvua koti. "Mama, ulisema kweli. Amekufa. Nimemwona mjane wake."

Ama hakushangaa. "Amelia?"

"Amelia."

"Machozi tu, au kwa sauti?"

"Mwanzo machozi. Baadaye kwa sauti."

"Nani alimshika?"

"Mimi."

Ama akamwinamia mkwewe. "Hakuwa na watu wake?"

"Walikuwepo. Walikuwa wanatazama dirisha."

"Amekaa muda wake?"

"Mwaka na zaidi."

Nilikuwa nimejifunza kusema kweli yote, kwa hiyo nikaanza, "Lakini baba alisema ni koti kama—" na Ama akaniwekea kiganja kichwani, kizito na chenye joto.

"Sikuuliza koti ni la nani, mjukuu wangu. Niliuliza kama alililiwa na mtu."

Akanyanyuka. Alichukua fimbo yake akavuka shamba hadi kwenye ua wa Mama Tluway, ambao hakuwa ameukaribia tangu siku ile, akaita kwa jina. Walizungumza kwa muda. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena na nilimwona Mama Tluway akitoka na kibuyu cha maziwa. Safari hii hakusimama nje. Aliingia, akakitua kibuyu chini, akamchukua Bura kutoka mikononi mwangu na kumnywesha mwenyewe. Ama akarudisha kikombe chake kwenye kichanja kati ya vikombe vyetu. Nililala siku hiyo nimejifunika koti lile upande mmoja, Bura upande mwingine, na halikuwa na mtu ndani.

Bura ndiye huyu mwenye kitambi. Alilichukua koti sandukuni, akalipima mwilini, halikufunga vifungo, tukacheka mpaka tukaona haya. Kisha akasema nguo za mama tuzipeleke kanisani, wanawake wa huko watazigawa, na zitakazobaki atakuja kijana anayezinunua kwa mzigo kupeleka minada ya huko chini. Kutoka hapo hakuna ajuaye zinafika wapi. Akauliza kama nakubali.

Nikamwambia aniachie chumba kwanza. Akatoka na koti lake mkononi, akaurudisha mlango. Nikavitoa vitu vya mama kimoja kimoja: kanga, sweta la kijani, gauni la kwaya, kitambaa cha kichwa chenye alama ya moto wa pasi. Nyingi zilikuwa nzima, kwa maana miaka ya mwisho tulimnunulia nyingi kuliko alivyoweza kuvaa. Nilitafuta matundu kwa vidole na sikuyapata. Basi nikaiweka kila nguo mapajani, nikaililia kwa sauti, sawasawa, mpaka nikatosheka nayo, ndipo nikaikunja. Sikutaka mtu yeyote, popote itakapomfikia, aweke kikombe chake peke yake kwa ajili ya kanga ya mama yangu.